Majitaka ya kiwanda yameingia mtoni: uanzie Bodi ya Bonde, NEMC, Halmashauri au Mahakamani?

Anayeishi chini ya bomba la kiwanda, iwe kando ya mto Mkulumuzi, Zigi au Pangani yenyewe mkoani Tanga, ana milango minne rasmi ya kupeleka lalamiko lake, na wa tano ni meza ya mazungumzo na kiwanda chenyewe. Kila mlango una jambo lake unaloliweza. Vijiji vingi hupoteza mwaka mzima kudai fidia kwenye ofisi ambayo kazi yake ni kutoza faini. Kwa hiyo kabla barua haijaandikwa, kaeni kikao mkubaliane: mnataka bomba lifungwe, mto usafishwe, au mlipwe hasara? Haya ni mambo matatu tofauti, na hakuna ofisi inayotoa yote matatu kwa ufanisi.

Kwa mito ya Tanga, hasa iliyo karibu na korona, yaani viwanda vya kuchakata majani ya mkonge, ushauri wetu ni kuanza na Bodi ya Maji ya Bonde. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayosikika zaidi redioni na ina kazi yake kubwa, lakini kwa kiwanda kinachotegemea maji ya mto, anayeshika maji ndiye anayeshika kiwanda.

Bodi ya Bonde: nguvu iliyo kwenye kibali

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kiwanda kinachochota maji mtoni na kuyarudisha yakiwa machafu kinahitaji vibali viwili: cha kutumia maji na cha kutiririsha majitaka. Vyote viwili hutolewa na bodi ya bonde. Kwa mkoa wa Tanga hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi, na mamlaka yake hayaishii kwenye Mto Pangani. Zigi, Mkulumuzi, Umba na Msangazi imo humo. Wakazi wa Tanga mjini wengi hawapeleki lalamiko huko kwa sababu jina la bodi linawaelekeza mto mwingine. Wa Bagamoyo wao ni wa Bonde la Wami/Ruvu, makao makuu Morogoro.

Angalia hesabu ya korona uone kwa nini mlango huu una uzito. Kutoa tani moja ya singa, yaani nyuzi za mkonge, huhitaji takribani mita za ujazo 100 za maji, na singa yenyewe ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni mabaki na maji ya kijani yenye asidi, yaliyojaa sukari na masalia ya mmea yanayooza. Kiwanda kinaweza kulipa faini kikaendelea na kazi kesho yake. Kibali cha maji kikisitishwa, korona inasimama siku hiyo hiyo.

Barua kwa bodi isiwe ya kulalamika tu kwamba mto unanuka. Iombe mambo manne kwa maandishi: namba ya kibali cha kutiririsha na tarehe ya kuisha, kiasi cha mita za ujazo kinachoruhusiwa kwa siku, viwango vya ubora vilivyoandikwa kwenye kibali, na taarifa za vipimo ambazo kiwanda kimewasilisha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira nayo ina kifungu chake cha haki ya taarifa za mazingira, cha 172. Taja zote mbili. Mara nyingi jibu lenyewe linamaliza nusu ya kazi, maana kibali kimeisha muda, au hakijawahi kuwepo.

Udhaifu wa mlango huu ni kwamba bodi hutegemea sana vipimo ambavyo kiwanda kinajipima chenyewe, na hapo ndipo ujanja wa kuzimua unapoingia. Kiwango cha taifa cha majitaka yanayoingia mtoni kinataka BOD, yaani oksijeni inayoliwa na uchafu kwa siku tano, isizidi miligramu 30 kwa lita; COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali, isizidi 60; chembe zinazoelea 100; mafuta na grisi 10; pH, kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 6.5 na 8.5, joto lisizidi nyuzi 35. Kiwanda chenye mita za ujazo 100 za maji yenye BOD 3,000 kinatoa kilo 300 za uchafu kwa siku. Kikichota maji safi mtoni kikachanganya hadi mita za ujazo 10,000, kipimo kitasoma 30 na taarifa itapendeza, lakini kilo zilizoingia mtoni ni 300 zile zile, na juu yake mto umepunguziwa maji. Kwa hiyo dai mzigo kwa kilo kwa siku pamoja na kiwango kwa lita. Zidisha miligramu kwa lita na mita za ujazo, gawa kwa 1,000, unapata kilo. Kama kibali hakina kikomo cha mita za ujazo, omba kiwekwe. Kibali kisicho na namba hiyo hakimlindi mtu wa chini ya bomba.

Kama eneo lenu lina jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa, barua itoke kwake. Jumuiya hizi zimo ndani ya sheria ya 2009, na bodi inawajibika kwao kuliko inavyowajibika kwa mtu mmoja mmoja.

NEMC: sumu, amri ya kurejesha, na faini isiyokuja kwako

NEMC inafanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Wakaguzi wake wanaingia kiwandani, wanachukua sampuli, wanasimamisha shughuli, na wanaweza kuamuru mchafuzi arejeshe mazingira kwa gharama yake. Mlango huu uwe wa kwanza pale mnaposhuku kemikali: kromiamu ya viwanda vya ngozi, risasi ya betri, zebaki, rangi za viwanda vya nguo, mafuta. Uwe wa kwanza pia pale kiwanda kinapomwaga baharini bila kugusa mto, kwa sababu hapo mkono wa bodi ya bonde unakuwa mfupi.

Faini ndiyo watu wengi hawaielewi. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara Sh bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu. Faini za namna hiyo huingia serikalini. Mvuvi wa perege au mama wa bustani ya mchicha haoni shilingi ndani yake, hata kama yeye ndiye aliyetoa taarifa. Akitaka kulipwa, ni shauri jingine.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito. Kosa la mazingira linaweza kufifilishwa: mkosaji anakubali kosa, analipa, na jinai inaishia hapo. Ni haraka, na mto unaweza kupumua mapema. Lakini kesi ya jinai ingefika mahakamani, kifungu cha 187 kinairuhusu mahakama kuongeza juu ya adhabu amri ya kulipa gharama za kuondoa uchafu na kuwafidia walioathirika. Kosa likififilishwa, nafasi hiyo imepita. Mnaodai fidia, andikeni NEMC mapema, kabla ya ufifilishaji, mkieleza kwamba kuna waathirika, majina yao yako kwenye orodha iliyoambatishwa, na mnaomba hasara zao zizingatiwe. Kosa likififilishwa hata hivyo, ombeni nakala ya hati yake. Hati ambayo mchafuzi amekubali kosa ni ushahidi mzuri kwenye madai ya baadaye.

Halmashauri

Huu ni mlango wa siku ileile. Ofisa mazingira na ofisa afya wa Jiji la Tanga, Muheza, Korogwe au Pangani hawahitaji safari ya mbali, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamwezesha ofisa afya kutoa notisi ya kuondoa kero. Kwa gari la majitaka linalomwaga kichochoroni, kwa karo la kiwanda kidogo linalofurika, kwa harufu, inatosha. Kwa kiwanda kikubwa haitoshi, na tusifichane sababu: ushuru wa huduma wa kiwanda hicho ni sehemu ya mapato ya halmashauri hiyohiyo. Itumieni kupata kitu kimoja cha thamani, yaani ripoti ya ukaguzi yenye tarehe, saa na muhuri. Ripoti hiyo itafungua milango mingine.

Ushahidi kabla ya mlango wowote

Mto haungoji kamati. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kuwa chanzo, na mabishano yakawa makubwa nchini. Kila anayeishi kando ya mto ajifunze hapo kwamba mabishano ya namna hiyo huamuliwa na maji ya siku ile ya kwanza, na kama hayakuchotwa, yameshafika baharini.

Sampuli ya mwananchi kwa kawaida haitoshi kumtia mtu hatiani kwenye jinai. Inayohitajika ni ya mkaguzi, iliyopimwa kwenye maabara inayotambuliwa. Lakini ya kwenu inawafanya wakaguzi waje, na kwenye shauri la madai ina nafasi yake. Chukueni sehemu tatu: juu ya bomba ambako uchafu haujaingia, kwenye mdomo wa bomba, na chini baada ya maji kuchanganyika vizuri, angalau mita 100 hadi 200 au kupita kona ya mto. Mkilazimika kuingia majini, anzeni na sehemu ya chini mkipanda juu, na chota ukielekea mkondo unakotoka, ili tope la miguu yako lisiingie chupani.

Chupa ya BOD ijazwe hadi juu bila kuacha hewa, iwekwe kwenye barafu karibu nyuzi 4, gizani, na ifike maabara ndani ya saa 24. Hiki ndicho kinachoharibika zaidi: chupa inakaa juani kwenye bodaboda, wadudu wanakula uchafu njiani, kipimo kinasoma kidogo, kiwanda kinashinda. Kwa metali omba maabara chupa yenye asidi ya nitriki. Ikihifadhiwa hivyo hukaa miezi. Chupa yenye asidi usiisuuze. Ya mafuta iwe ya kioo, nayo usiisuuze kwa maji ya mto, kwa sababu mafuta yanabaki ukutani. pH, joto na oksijeni hupimwa palepale; vikifika maabara vimeshabadilika.

Saa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Samaki hawafi mdomoni mwa bomba peke yake. Vijidudu vinaanza kula uchafu, oksijeni inashuka, na shimo la oksijeni linatokea chini zaidi, saa kadhaa baadaye. Usiku mimea ya majini nayo haitoi oksijeni, hivyo kipimo cha chini kabisa hupatikana alfajiri kabla ya jua. Pimeni saa 11 alfajiri. Mkipima saa 8 mchana mtaambiwa mto ni mzima. Masika nayo huficha uchafu kwa wingi wa maji, na ndiyo sababu mabwawa mengi hufunguliwa mvua inaponyesha. Kaeni macho Machi hadi Mei.

Kwa Mkulumuzi na Zigi karibu na mdomo wa bahari kuna mtego wa ziada. Maji yakijaa, bahari inausukuma uchafu kurudi juu, na sampuli yenu ya “juu safi” inachafuka. Wakili wa kiwanda atasema uchafu ulitoka kwingine. Chukueni maji yakiwa yanakupwa, na kwa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya bahari, tofauti inaonekana vizuri zaidi. Mwambieni mtu wa maabara kwamba maji yana chumvi, kwa maana kloridi huvuruga kipimo cha COD na kukipandisha kwa uongo. Namba ya uongo inayowasaidia leo ndiyo itakayowaangusha mbele ya hakimu.

Kila chupa iwe na namba, mahali, tarehe, saa, jina la aliyechota na shahidi, na kila anayeipokea asaini. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji akiwepo, asaini na kugonga muhuri. Mkaguzi akija kuchukua yake, mwombeni agawe chupa mbele yenu, nyingine ibaki kwenu.

Mahakama: fidia, kwa subira ndefu

Anayetaka kulipwa hana njia nyingine ya uhakika kisheria. Kifungu cha 5 cha sheria ya 2004 kinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri pale haki ya mazingira safi inapotishiwa, na ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, imeshasomwa na Mahakama Kuu kuwa inahusu mazingira. Wengi wakiathirika pamoja, mahakama huombwa ruhusa ya shauri la uwakilishi, wachache wakisimama kwa niaba ya wote. Orodha ya majina na saini iandaliwe kabla.

Kumbukeni kwamba madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu. Mkiisubiri NEMC imalize uchunguzi huku saa inakwenda, mtajikuta mmefungiwa. Na kama mnaishtaki pia serikali au halmashauri kwa kuzembea, notisi ya siku 90 hutangulia, na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Hesabuni siku hizo 90 ndani ya miaka mitatu.

Zuio la muda linaweza kusimamisha bomba shauri likiendelea, lakini someni kisa cha Tabata. Mwaka 1988, katika shauri la Joseph Kessy dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, wakazi walishinda amri ya kusimamisha jalala. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 wakalazimika kwenda mahakamani upya. Nao wakashinda, na taka zikahamia Vingunguti. Amri inayosema “acha hapa” huhamisha uchafu. Ombeni amri inayosema uchafu utatibiwaje, na nani atapima.

Muda ni gharama nyingine. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walifungua shauri 2016. Walipewa Sh bilioni 1.3 za Kenya Julai 2020, wakanyang'anywa ushindi huo Mahakama ya Rufani 2023, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshafungwa tangu 2014. Lililowaokoa ni kwamba walizishtaki pia taasisi za serikali zilizotoa vibali na kufumba macho, na sehemu kubwa ya fidia ikawaangukia hizo. Kampuni inaweza kufa. Mwenye muhuri habadiliki.

Ndiyo maana upekuzi wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, utangulie hati ya madai. Tafuteni ni kampuni ipi inamiliki kiwanda, wanahisa ni nani, ardhi iko kwa jina la nani, na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kimetolewa kwa nani. Si ajabu mitambo ikawa ya kampuni moja na vibali vya nyingine. Ikionekana mmiliki mkuu ni kampuni ya nje, njia haijafungwa: Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanavijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, kuishtaki Vedanta huko London kwa uchafuzi uliodaiwa kutoka mgodi wa Nchanga wa kampuni yake tanzu. Shauri liliishia kwenye maridhiano Januari 2021, bila kampuni kukiri kosa. Njia hii inataka mawakili wa huko wanaolipwa kwa kushinda, na ushahidi kwamba kampuni mama ilikuwa inaongoza mambo ya mazingira ya tanzu yake. Ripoti zake za mwaka, zile inazojisifia usimamizi, ndizo mahali pa kuanza kusoma.

Wasio na fedha waulizie msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017, au chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT.

Meza ya mazungumzo

Ni ya haraka kuliko zote na ya hatari kuliko zote. Inafaa pale kiwanda kipo, kinataka kuendelea, na tatizo lina tiba inayojulikana. Kwa mkonge tiba ipo: Hale, wilayani Korogwe, mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 2000, na uchafu unaokula oksijeni mtoni ndio huohuo unaotoa gesi. Kiwanda kikiwaambia haiwezekani, waulizeni kuhusu Hale.

Msikubali kisima, madawati au msaada wa sikukuu badala ya vipimo. Makubaliano yawe na mita ya kupima majitaka kwenye bomba, mahali pa kuchotea sampuli panapofikika bila kuingia getini, vipimo kila mwezi na maabara isiyo ya kiwanda, matokeo kubandikwa ofisi ya kijiji, na kiasi cha kulipa kila mara kikomo kinapovukwa. Bwawa la kutulizia likiahidiwa, andikeni nani atazoa tope na kila baada ya muda gani. Bwawa lisilozolewa hujaa, maji yanapita juu kwa saa chache badala ya kukaa siku, na uchafu unatoka kama ulivyoingia. Kabla ya kusaini, hakikisheni hakuna sentensi inayosema mnaachia madai yote ya sasa na yajayo. Ikiwepo, ifutwe au iwe na bei yake, na wakili aisome. Na kwa kuwa mazungumzo hayasimamishi ile saa ya miaka mitatu, wekeni tarehe ya mwisho ya mazungumzo ambayo bado inawaachia muda wa kufungua shauri.